Unatafuta kikundi cha kuacha pombe Nyarugusu? Anza hapa

Tuseme una miaka 27 na huu ni mwaka wako wa tatu kwenye maduara ya Nyarugusu. Juzi mawe yenu yalitoka karashani, dhahabu ikapatikana, mgao ukafanyika. Leo saa kumi na mbili asubuhi mikono inatetemeka, kikombe cha chai hukishiki. Dawa yake unaijua: glasi moja ya kuzimua, mwili unatulia, siku inaanza. Hesabu ya mgao nayo unaijua. Ile laki uliyoahidi kumtumia mama kijijini haipo tena. Na kwa mara ya kwanza umejisemea, bila utani: hii kitu nataka iishe. Je, kuna watu wa kunisaidia hapahapa, au mpaka niende mjini?

Makala hii inajibu swali hilo. (Nyarugusu tunayoizungumzia ni ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, si kambi ya wakimbizi yenye jina hilohilo kule Kasulu, Kigoma.) Kuna jambo moja tungependa ulishike tangu mwanzo. Kikundi cha kuacha pombe si lazima kiwe jengo lenye kibao barabarani. Ni kazi fulani ambayo watu wanafanyiana. Ukiijua kazi hiyo utakitambua kikundi hata kama kina jina jingine kabisa, na unaweza kukianzisha hata mkiwa watatu. Lakini kabla ya kikundi kuna mlango mmoja wa kupitia, na kuuruka mlango huo kunaweza kukuua. Tutaueleza pia.

Kwa nini kuacha pombe machimboni ni kugumu

Watu wanapenda kusema mlevi hana msimamo. Ukweli ni kwamba machimbo yamepangwa kwa namna inayomsukuma mtu kwenye glasi.

Kwanza, hela ya dhahabu haiji kama mshahara. Unaweza kukaa wiki tatu bila kitu, halafu siku moja ukashika fedha ambayo mkulima anaipata kwa msimu mzima. Siku hiyo wenzako wako pembeni, na baa iko hatua chache kutoka mwaloni. Pili, kazi yenyewe inatisha. Ukishuka chini kwenye duara lililoshikiliwa na matimba, ukapanda ukiwa hai, unataka kitu cha kulegeza mwili. Tatu, wengi ni wageni. Mama, mke, mjomba, yule anayeweza kukuambia "mwanangu, sasa inatosha", wako mbali.

Nne, watu wanahama. Watafiti Jesper Bosse Jønsson na Deborah Fahy Bryceson waliandika mwaka 2009 kuhusu wachimbaji wadogo wa Tanzania, wakaonyesha jinsi kuhama kutoka rashi moja kwenda nyingine kulivyo sehemu ya kazi yenyewe. Wewe unalijua hilo bila kusoma utafiti: mtu uliyekula naye jana, leo umesikia yuko machimbo mengine, dhahabu imetoka huko.

Serikali imejaribu kulifikia tatizo kwa njia ya sheria. Gongo imepigwa marufuku tangu miaka ya 1960, na viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Sheria inaweza kubadilisha kinachouzwa na bei yake. Lakini mtu ambaye ubongo wake umeshazoea pombe, ukimwondolea kiroba atatafuta kingine. Kwa hiyo tuangalie huko kichwani kuna nini.

Breki na mafuta: kinachotokea kichwani

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Tuchukue mbili tu: GABA, inayotuliza, na glutamati, inayochangamsha. Fikiria pikipiki. GABA ni breki, glutamati ni mafuta. Pombe inakanyaga breki na kubana mafuta. Ndiyo maana glasi za kwanza zinalegeza mwili na kuondoa wasiwasi, na ukizidisha unapepesuka, mpaka unazima kabisa.

Ubongo haukubali kuendeshwa hivyo siku zote. Ukinywa kila siku kwa miezi na miaka, unajirekebisha: unalegeza breki zake na kuongeza mafuta, ili pikipiki iende mwendo wa kawaida hata pombe ikiwa imekanyaga. Hapo ndipo unaanza kuhitaji glasi sita kupata kile ulichokuwa unakipata kwa mbili. Watu watakusifia kwamba una kichwa kigumu. Kwa kweli ni dalili ya kwanza ya hatari.

Sasa iondoe pombe ghafla. Mguu umetoka kwenye breki, breki zenyewe zimelegea, mafuta yamejaa. Pikipiki inaruka. Kule kutetemeka asubuhi, jasho, moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu ndiko kuruka kwenyewe. Na kuzimua kunaleta nafuu kwa sababu umerudisha mguu kwenye breki. Hujapona, umeahirisha mpaka kesho.

Kuna na jambo la pili. Kila unapokunywa ubongo unatoa dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kujifunza kwamba "hiki kinafaa, kirudie". Haujifunzi pombe peke yake. Unajifunza na kila kilichoizunguka. Harufu ya gongo, muziki wa baa fulani, karasha kunyamaza jioni, noti mpya mkononi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miezi miwili kijijini bila hamu, akarudi Nyarugusu, na siku ya mgao wa kwanza mwili mzima ukadai. Amekutana na vile vitu ambavyo ubongo wake ulivihifadhi, wala hilo halimaanishi kwamba hakuwa na nia.

Mlango wa kwanza ni zahanati

Hapa soma taratibu. Kama unakunywa kila siku na asubuhi unatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako.

Mambo huwa yanakwenda hivi. Kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, kukosa usingizi. Kati ya saa 6 na 48: baadhi ya watu hupata degedege, hata kama hawajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne: wachache huchanganyikiwa kabisa, wanaona vitu visivyokuwepo, wanapata homa, presha inapanda. Hali hiyo ya mwisho inaua isipotibiwa. Mtaani utasikia kwamba amelogwa, au mashetani yamempanda, na siku mbili za thamani zinapotea njiani kwenda kwa mganga.

Hatari ni kubwa zaidi kama umewahi kupata degedege ulipoacha zamani, kama unaanza kunywa asubuhi, kama hujala vizuri kwa siku nyingi, au una ugonjwa mwingine kama kifua kikuu au malaria.

Kituoni wanaweza kukupa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, ambayo inashikilia breki wakati ubongo unajirekebisha. Watakupa pia vitamini B1, kwa sababu walevi wengi wamepungukiwa nayo, na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Usinunue diazepamu dukani ukajitibu. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Ukifika, sema wazi, hata kama sauti inatetemeka: "Ninakunywa kila siku, asubuhi natetemeka, nataka kuacha. Naomba mnisaidie niache salama, na mnielekeze kwa mtu wa afya ya akili." Sentensi hiyo inampa mhudumu kila kitu anachohitaji. Usiseme tu "naumwa kichwa", maana utapewa dawa ya kichwa. Waswahili walishasema: mficha maradhi kilio humuumbua.

Na usiogope kwamba kwa kuwa umekunywa gongo atakuitia polisi. Kazi yake ni kukutibu, na kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili yake ya kazi.

Huenda ukaulizwa maswali 10 ya kipimo kinachoitwa AUDIT, kilichotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Yanahusu unakunywa mara ngapi, kiasi gani, umewahi kushindwa kusimama ukishaanza, umewahi kuumia au kumuumiza mtu. Kila swali lina alama 0 mpaka 4. Jumla ya 8 kwenda juu inaonyesha unywaji wa hatari. 20 kwenda juu inaashiria kwamba pengine tayari ni uraibu. Toleo la Kiswahili limefanyiwa majaribio kwa majeruhi waliofika hospitali ya KCMC, Moshi. Hospitali hiyohiyo imekuwa na utafiti uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo muuguzi anazungumza kwa muda mfupi na majeruhi kuhusu unywaji wake. Kwa maneno mengine, si lazima umpate bingwa wa ubongo ili mazungumzo yaanze. Muuguzi anatosha.

Kikundi kinafanya kazi gani hasa?

Sawa, mwili umetulia. Wiki imepita. Sasa kwa nini uende ukakae na watu na kueleza aibu zako?

Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache, na biashara iliyompeleka huko ikamharibikia. Hamu ikampanda. Badala ya kuingia baa alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa AA, vikundi ambavyo leo viko katika nchi nyingi duniani. Ona kilichotokea: hakwenda kutafuta ushauri. Alikwenda kumsaidia mwenzake, na huko kusaidia kukamzuia yeye kunywa.

Je, hili linafanya kazi, au ni hadithi tamu tu? Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, yaliyoongozwa na John Kelly, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika tafiti zilizo bora zaidi, baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 ya walioelekezwa AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawanywi kabisa. Kwa waliopata tiba nyingine walikuwa asilimia 35. Tofauti si ya miujiza. Lakini angalia vizuri: kikundi cha watu wa kawaida, cha bure, hakikuachwa nyuma na tiba za wataalamu.

Matokeo yanayomhusu zaidi mtu wa machimboni yalitoka kwenye utafiti mwingine wa Marekani, Project MATCH, wa miaka ya 1990, uliokuwa na wagonjwa 1,726. Watafiti waliuliza: marafiki zako wananywa kiasi gani, na wanakuunga mkono unywe au uache? Miaka mitatu baadaye, kati ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa huku wakiishi nyumbani, wale waliozungukwa na wanywaji ndio waliofaidika zaidi na tiba iliyowapeleka kwenye vikundi. Sababu haina fumbo. Mtu mwenye marafiki wasiokunywa tayari ana kikundi. Ndugu na majirani zake wanamfanyia kazi hiyo. Mtu ambaye kila anayemjua anakunywa anahitaji kutafuta watu wengine. Huyo ni wewe wa kambini.

Na kwa Waafrika Mashariki? Huko Eldoret, Kenya, timu ya Rebecca Papas ilifanya utafiti kwenye kliniki za VVU kwa watu 614 waliokuwa wakinywa kwa kiwango cha hatari, wengi wao wakiwa watu wa busaa na chang'aa. Nusu waliwekwa kwenye vikundi vidogo vya kujifunza mbinu za kuacha pombe, nusu kwenye vikundi vya elimu ya afya kwa jumla. Vikao vilikuwa sita, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90. Wanaume peke yao, wanawake peke yao. Walioviongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa washauri waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: pande zote mbili zilipunguza pombe, na waliojifunza mbinu za kuacha walipunguza zaidi, hata baada ya kufuatiliwa kwa miezi tisa.

Kwa hiyo kazi ya kikundi tunaweza kuitaja kwa mambo manne. Kinakukutanisha na watu wasiokunywa katika saa ambayo ungekuwa unakunywa. Kinakufundisha kuzitambua saa zako mbaya kabla hazijafika. Kinakupa mtu wa kumpigia hamu inapopanda. Na kinakupa nafasi ya kumsaidia mwingine.

Pa kuulizia, hatua kwa hatua

*Kituo cha afya na hospitali.* Kama hali yako inahitaji zaidi ya kituo, rufaa inakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita, na juu yake hospitali za kanda: Chato, na Bugando jijini Mwanza. Safari ya Bugando imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi. Zamani ulisubiri kivuko. Kila unapofika uliza swali lilelile: "Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe? Kinakutana lini?"

*Kliniki ya CTC.* Kama unatumia dawa za VVU, mwambie mshauri wako kwamba pombe inakushinda. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU vimeshazoea kufanya kazi hizi nne kwa ajili ya dawa: kukumbushana, kutembeleana, kutunza siri. Ukiwemo humo, pengine wenzako wawili wana tatizo kama lako na hakuna aliyethubutu kulitaja.

*Ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii.* Uliza ofisi ya kata. Maofisa hawa ndio wanaosajili vikundi, kwa hiyo wanajua nani anakutana wapi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanajua nyumba kwa nyumba.

*Kanisani na msikitini.* Kanda hii ina AIC, Wakatoliki, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu, na wengi wao wana watu walioacha pombe miaka mingi iliyopita. Usiulize tu "mnaombea walevi?" Uliza: "Kuna mtu hapa aliyewahi kunywa kama mimi, akaacha, ambaye naweza kukaa naye?" Huyo mmoja ni mwanzo wa kikundi.

*AA na soba.* AA ina mikutano mijini, na pia kwa simu na intaneti, kwa hiyo bando kidogo linaweza kukufikisha. Nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, ziko Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine. Nyingi zilianza kwa ajili ya watumiaji wa heroini, ila zinapokea pia waraibu wa pombe. Huko unakaa kwa miezi, na mara nyingi unalipia. Ulizia gharama na huduma ya matibabu kabla ya kusafiri.

Kikundi kizuri utakijuaje?

Uliza maswali matatu. Yanayosemwa humu yanabaki humu? Mtu akiteleza, anafukuzwa au anapokelewa? Mnakubali nitumie dawa za hospitali? Ukijibiwa ndiyo, anapokelewa, na ndiyo, kaa.

Ondoka ukiona haya: wanakuuzia dawa ya siri ya "kuchukia pombe", wanafunga watu kamba au kuwachapa, wanataka hela nyingi mbele, au wanakwambia uache ARV au dawa za kifua kikuu kwa kuwa umeombewa.

Kama hakipo, anzeni watatu

Watu wa kanda hii hawahitaji kufundishwa kuunda vikundi. Kuna VICOBA, kuna vyama vya kufa na kuzikana, kuna ngoma za Bagika na Bagalu ambazo Wasukuma wameshindana kwazo kwa vizazi. Tumia ujuzi huohuo.

Chagueni saa yenu mbaya, tuseme Jumamosi saa kumi na moja jioni, na mahali pasipouzwa pombe: chini ya mti, au darasani kama mwalimu mkuu ataruhusu. Dakika 90 zinatosha. Kila mtu aseme mambo matatu: wiki ilikwendaje, saa gani ilikuwa ngumu, na wiki ijayo saa hiyo ataifanyaje. Hakuna kuhubiriana, hakuna kukatizana. Mwisho mpeane namba, wawili wawili.

Fanyeni na mazoezi. Mmoja awe rafiki anayeng'ang'ania: "Kunywa moja tu, bwana, leo mgao!" Mwingine ajibu kwa sauti. Mtacheka, na ni vizuri. Siku ya kweli ikifika, jibu litakuwa limeshazoea kutoka mdomoni. Siku ya mgao yenyewe ipangieni mkakati: hela itumwe kwa simu kwa mama au iingie kwenye sanduku la VICOBA kabla mguu haujaelekea senta, na mwenzako awe pembeni wakati inatumwa.

Wanawake, anzisheni chenu ikiwezekana, kama walivyofanya Eldoret. Kuna mambo mama anayeponda mawe au mama ntilie hawezi kuyasema mbele ya wanaume. Na kuna mwenye mtihani mgumu kuliko wote: anayepika na kuuza pombe ili watoto wasome, na yeye mwenyewe imemshika. Kumwambia "acha" bila kuzungumzia atakula nini ni kumfukuza. Kikundi chake kinahitaji kuzungumza mtaji wa biashara nyingine siku hiyohiyo kinapozungumza hamu, na hapa VICOBA na ofisa maendeleo wana kazi.

Ukihama, ukiteleza

Rashi ikitokea, utahama. Usihame kimyakimya. Mwambie mwenzako wa namba, mpange siku ya kupigiana, na ukifika huko anza tena na swali lilelile zahanati. Kikundi chenye watu wanaohama kinaweza kuishi kwenye simu, mradi kila mmoja ana angalau mtu mmoja wa kuonana naye ana kwa ana.

Ukiteleza, piga simu siku hiyohiyo. Kuteleza hakufuti ulichojifunza. Kinachoua ni ile aibu inayosema "sasa nimeshaharibu, acha nimalize". Ila kumbuka: ukirudia kunywa kila siku kwa muda, halafu ukataka kuacha tena, rudi kwanza kwenye ule mlango wa zahanati. Kwa watu wengi, kutetemeka kwa mara ya pili au ya tatu huwa kukali zaidi.

Kwako mke, mume, mama

Kama unayesoma si mnywaji ila unaishi naye, tunaomba jambo moja: usimwage pombe yake yote usiku huu kwa hasira, kama anatetemeka kila asubuhi. Ni hasira ya haki, lakini inaweza kumletea degedege alfajiri. Msindikize kituoni. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mpeleke hospitali. Na wewe pia unastahili kikundi. Familia za walevi zina vyao, Al-Anon, tangu 1951, kwa sababu nyumba nzima huwa imeugua. Kina mama watatu wanaokutana baada ya ibada wanaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Wiki hii

Basi turudi kwako, wewe wa saa kumi na mbili asubuhi. Leo nenda kituoni, useme ile sentensi. Kesho muulize mtu mmoja kama anamjua aliyeacha. Jumamosi kaa naye. Mkiwa wawili mmebakiza mmoja tu kuwa watatu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapo machimboni mnalijua hilo kuliko sisi: hakuna anayeshuka kwenye duara bila mtu juu aliyeshika kamba.